Unataka kupandikiza injini kwenye Starlet au Vitz ya zamani? Soma hii kwanza

• Injini ya familia ileile ndiyo inayoingia kwa shida ndogo.
• Pesa ya injini peke yake haitoshi. Waya, rejeta na breki navyo vinataka chao.
• Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, hivyo ukibadilisha injini lazima na kadi ibadilike.

Tarime. Kwenye gereji nyingi nchini, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam mpaka huku Nyarero mkoani Mara, hukosi kuona gari dogo la zamani lililopaki muda mrefu. Ukiuliza, jibu ni fupi: "Imenoki." Mara nyingi ni Toyota Starlet au Vitz ya kwanza. Bodi ipo, viti vipo, taa zinawaka. Kilichokufa ni injini.

Mwenye gari la namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kufanya ovaholi ya injini iliyopo. Ya pili ni kununua injini ya mtumba ya aina ileile na kuifunga. Ya tatu ni kupandikiza injini yenye nguvu zaidi na kuugeuza mkweche kuwa gari la kujivunia.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowapagawisha vijana, na ndiyo inayoacha magari mengi juu ya mawe kwa miaka. Hapa tumekuwekea mambo ya msingi ya kujua kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa nini Starlet na Vitz?

Starlet ya kizazi kinachojulikana zaidi huku kwetu ni EP82, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1989, na EP91 iliyofuata katikati ya miaka ya 1990. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz, ambayo Ulaya inaitwa Yaris.

Magari haya yana sifa tatu zinazomfaa mtu wa mradi. Ni mepesi, mengi hayafiki tani moja. Ni rahisi kuyafungua kwa sababu hayana vifaa vingi vya umeme. Na ndugu zao ni wengi: injini, giaboksi na vifaa vya miguu vya Toyota ndogo mara nyingi vinaingiliana.

Uzito mdogo ndio siri kubwa. Nguvu ileile ambayo kwenye gari zito huisikii, kwenye Starlet inakubandika kwenye kiti.

Herufi za injini zinasema nini?

Usidanganyike na neno "injini ya Starlet". Fungua boneti, soma namba. Herufi na tarakimu zile zina maana.

4E-FE: Injini ya petroli ya cc 1,331 iliyopo kwenye Starlet nyingi. Kwenye EP91 inatoa nguvu za farasi 85 hivi.

4E-FTE: Cc ni zilezile 1,331, ila herufi T imeongezeka. T ni turbo. Hii ilifungwa kwenye Starlet GT Turbo (EP82) na Glanza V (EP91), na Toyota iliitaja kuwa na nguvu za farasi 135. Ndiyo injini ambayo kila mwenye Starlet anaiota.

5E-FE: Cc 1,497, haina turbo. Ilifungwa kwenye magari kama Tercel, Corsa na Raum ya kwanza. Tundu la pistoni lina upana uleule wa milimita 74 kama wa 4E. Kilichobadilika ni umbali ambao pistoni inasafiri, kutoka milimita 77.4 hadi 87. Ndiyo maana hizi ni ndugu wa damu.

1SZ-FE: Cc 997, injini ya Vitz ndogo ya kwanza. Inabana mafuta, lakini mlimani ukiwa na abiria wanne utaijua.

2NZ-FE na 1NZ-FE: Cc 1,298 na cc 1,497. Nazo ni ndugu, tundu la pistoni ni milimita 75 kwa zote. Zipo kwenye Vitz, IST, Probox na Toyota nyingine nyingi.

Kanuni ya kwanza inatoka hapo: kaa ndani ya familia. Kutoka 4E-FE kwenda 4E-FTE au 5E-FE, au kutoka 2NZ kwenda 1NZ, ni kazi ambayo fundi mzuri anaiweza bila kukatakata gari. Lakini ukitaka kutoa 1SZ kwenye Vitz na kuweka 1NZ, hapo umevuka familia. Maunti, waya, kompyuta ya injini na giaboksi vyote vinaingia kwenye hesabu. Inawezekana, ila si kazi ya wikiendi moja.

Mwinuko wa Tarime nao una neno

Jambo hili watu wengi hawalifikirii. Tarime ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam au Tanga, pungufu kwa karibu asilimia 14.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe. Hewa ikipungua, na nguvu inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Maana yake Starlet yenye nguvu za farasi 85 pwani, huku juu inabaki na kama 73. Kwa hiyo ukisikia gari lako "limechoka" mlimani, huenda si ugonjwa.

Turbo inasaidia kwa sababu inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Inafidia sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umekula. Ila inafanya kazi zaidi na inapata joto zaidi, hivyo kupoza injini kunakuwa suala la kufa na kupona.

Anza na bodi, usianze na injini

Kosa la kawaida ni kununua injini kwanza, halafu kuja kugundua kwamba gari lenyewe limeoza. Kabla ya yote, liinue na ukague haya:

1. Kutu kwenye sakafu, kwenye sehemu zinaposhikwa shokapu na kwenye reli za mbele zinazobeba injini. Kutu ya mlango inavumilika. Kutu ya reli haivumiliki.
2. Dalili za ajali ya mbele. Kama reli zilipinda na kunyooshwa, injini mpya haitakaa sawa na shafti zitakula upande mmoja.
3. Namba ya chesi. Isomeke vizuri na ifanane na ile ya kwenye kadi. Kama haifanani, achana nalo hata kama unapewa bure.

Gari likishindwa kwenye mambo haya matatu, usilifanye mradi. Libaki kuwa stoo ya spea.

Usinunue injini, nunua seti

Injini za mtumba zinaingia nchini kwa njia mbili. Kuna injini tupu, na kuna kipande chote cha mbele cha gari lililokatwa huko Japani. Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni maarufu kwa biashara hii. Kwa majirani kuna Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala.

Kama mfuko unaruhusu, chukua kipande cha mbele. Sababu ni kwamba injini ya kisasa haifanyi kazi peke yake. Hakikisha umepata:

• Injini na giaboksi yake
• Kompyuta ya injini ya gari lilelile
• Waya zote, zikiwa hazijakatwa
• Sensa zote na bomba la kuvutia hewa
• Shafti za kulia na kushoto
• Maunti na vishikio vyake
• Kwa ya turbo: turbo yenyewe, mabomba yake na kipoza hewa chake, ambacho kwenye Starlet hukaa juu ya injini

Ukikosa kompyuta sahihi utazunguka. Kompyuta ya gari la oto ukiiweka kwenye giaboksi ya manyuo, itakuwa inatafuta ishara ambazo hazipo, na gari litabaki na taa ya injini inayowaka kila siku. Baadhi ya magari ya baadaye pia yana kinga ya wizi kwenye ufunguo. Bila ufunguo wake halisi, injini haiwaki.

Jinsi ya kuipima injini ya mtumba

Muuzaji atakuambia "hii imetembea kidogo tu". Usibishane naye, pima.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona tope jeusi lililoganda, mwenye gari wa kwanza hakubadilisha oili. Ukiona kitu kama maziwa ya kahawia, maji yamechanganyika na oili. Ondoka.

Omba kipimo cha mgandamizo wa silinda. Unachotafuta ni silinda zote nne zisome karibu sawa. Tatu zikisoma vizuri na moja ikawa chini sana, hiyo injini ina ugonjwa wa pistoni, ringi au valvu.

Kwa yenye turbo, shika mhimili wa turbo kwa vidole na uutikise. Ukicheza sana huku na huku, au ukikuta oili nyingi kwenye mabomba ya hewa, turbo imechoka. Kumbuka injini hizi ziliacha kutengenezwa zamani. Hata iliyo changa zaidi ina umri wa mtu mzima.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya injini. Karatasi hiyo utaihitaji mbele ya safari. Kwa wanaovuka Sirari kutafuta spea upande wa Kenya, pitisha mzigo forodhani. Injini iliyopita porini ni rahisi leo na ghali kesho, maana haina karatasi ya kuitetea.

Kazi yenyewe gereji

Fundi anayejua kazi atafuata mpangilio huu, kwa jumla:

Kwanza atatoa nyaya za betri, atamwaga maji, oili ya injini na ya giaboksi, kisha atapunguza shinikizo la mafuta kwenye bomba la petroli. Hatua hii ikirukwa, cheche moja inatosha kuunguza gereji.

Pili, atapiga picha na kuweka alama kila waya kabla ya kuutoa. Simu yako ni kifaa cha kazi hapa. Picha 50 za waya zitakuokoa siku mbili za kubahatisha.

Tatu, injini ya zamani itatolewa kwa winchi, na injini mpya itafanyiwa usafi ikiwa bado iko chini. Huu ndio wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi kwa injini za 4E na 5E, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, plagi na klachi. Vitu hivi ni rahisi kufikia injini ikiwa nje. Ikishaingia, kila kimoja ni ufundi mwingine na gharama nyingine. Injini za NZ zinatumia mnyororo badala ya mkanda, lakini nao ukaguliwe.

Nne, injini inaingia, waya zinaungwa. Usikubali waya za kusokota na kufunga kwa gundi ya karatasi. Ziunganishwe kwa risasi na zifunikwe. Moto mwingi wa magari yaliyobadilishwa injini unaanzia kwenye waya mbovu au bomba la petroli linalovuja.

Tano, kupoza. Injini kubwa au yenye turbo inatoa joto jingi. Rejeta ya zamani iliyoziba haitaiweza. Weka rejeta nzima, feni inayofanya kazi, thamostati na kipozeo cha injini, siyo maji ya mtoni. Fundi akikushauri utoe thamostati "ili isichemshe", jua anaficha tatizo.

Baada ya kuwasha, acha injini ifike joto lake, kagua mivujo, kisha endesha taratibu. Badilisha oili mapema baada ya safari za kwanza, maana inatoa uchafu uliobaki ndani.

Petroli ya chupa na turbo haviendani

Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa na vidumu. Kwa bodaboda inasogeza siku. Kwa injini ya turbo ni hatari.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya ndani ya silinda. Kwenye injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu, mlipuko wa wakati usiofaa unatoboa pistoni. Uchakachuaji wa aina hii ndio uliofanya EWURA ianzishe utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Jaza kwenye kituo kinachoeleweka na chukua risiti.

Breki: hapa ndipo watu wanapokufa

Nguvu ya gari linalokwenda haipandi sawa na spidi. Spidi ikiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinatakiwa kuiua inaongezeka mara nne. Yaani gari lililo kwenye kilomita 120 kwa saa linabeba mara nne ya lile lililo kwenye kilomita 60.

Breki za Starlet ya kawaida zilipangiwa gari la kawaida. Ukiweka injini ya nguvu za farasi 135 na kuacha diski zilizokwisha, shokapu zilizokufa na matairi yenye nyufa, umetengeneza gari linalojua kukimbia na lisilojua kusimama.

Kwa hiyo panga hivi: breki, shokapu, matairi na mpira wa usukani kwanza. Injini baadaye. Kama pesa haitoshi vyote, injini isubiri.

Na kumbuka, kwenye makazi ya watu ukomo wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, uwe na turbo au usiwe nayo. Barabara zetu zina ng'ombe, watoto wa shule na bodaboda zisizo na taa.

Makaratasi: TRA, polisi na bima

Kadi ya gari ina namba ya chesi, namba ya injini na ukubwa wa injini kwa cc. Ukibadilisha injini, taarifa mbili kati ya hizo zinaweza kuwa za uongo.

Msajili wa magari ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mabadiliko ya taarifa za gari yanatakiwa kupelekwa huko, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa injini na ukaguzi wa gari. Ulizia ofisi ya TRA iliyo karibu nawe kabla ya kuanza kazi, ili ujue karatasi zipi utatakiwa kuwa nazo.

Usipofanya hivyo, matatizo ni matatu. Trafiki akikagua na namba zisipolingana, gari linaweza kushikiliwa ukishukiwa kuwa na injini ya wizi. Siku ya kuuza, mnunuzi makini atakimbia. Na siku ya ajali, kampuni ya bima inaweza kukuuliza kwa nini gari ililolikatia bima silo lililogonga. Mjulishe wakala wako wa bima mapema, iwe ni bima ndogo au kubwa.

Gari la kazi au gari la mapenzi?

Jiulize swali hili kwa ukweli. Kama gari ndilo linaloleta ugali nyumbani, linapiga mchomoko kati ya vijiji na mjini, turbo haikufai. Unataka injini ambayo spea zake ziko kila duka. Kwa leo hiyo ni 1NZ, kwa sababu Probox na IST zimejaa kila kona. Kikifa kitu usiku, asubuhi unakipata.

Kama ni gari la mapenzi na una chombo kingine cha kukupeleka kazini, basi 4E-FTE itakupa raha. Ila jiandae kwa kusubiri spea kutoka Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalioni. Kijijini gari moja ni la watu wengi. Usiku wa manane mjamzito akishikwa na uchungu, wataligongea dirisha la mwenye gari. Gari lililofunguliwa injini miezi minane likisubiri kompyuta haliwezi kumsaidia mtu. Ndiyo maana ni busara kutolifungua gari mpaka kila kifaa kiwe mkononi.

Maswali ya haraka

*Je, ovaholi si nafuu zaidi?*
Inaweza kuwa, kama kizuizi cha silinda ni kizima na spea halisi zinapatikana. Omba makadirio ya vyote viwili kwa maandishi, kisha linganisha.

*Naweza kufunga turbo kwenye 4E-FE yangu bila kubadilisha injini?*
Watu wanafanya, lakini 4E-FE inagandamiza hewa zaidi ndani ya silinda kuliko 4E-FTE. Ukiiongezea turbo bila kubadilisha vya ndani na kurekebisha kompyuta, haitakaa muda mrefu.

*Nitajuaje fundi anaiweza kazi?*
Mwombe akuonyeshe gari alilolibadilisha mwaka mmoja uliopita na ambalo bado linatembea. Ongea na mwenye gari, siyo fundi peke yake.

*Nilipe vipi?*
Kwa awamu: kiasi wakati injini ya zamani inatoka, kiasi injini mpya ikiwaka, na kilichobaki gari likishatembea bila kuchemsha. Andikishaneni. Fundi mzuri hatachukia.